Tonge la Kwanza la Mwenyekiti

Nilimwahidi mama kwamba sitaandika lolote juu ya chakula cha mtu kabla ya kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, kile ulimi wangu ulichokiona. Alinidai ahadi hiyo siku nilipompasha habari kwamba naacha jiko la hoteli pale Lushoto, nilikokuwa nikipika tangu nitoke chuoni, ili niwe mwonjaji wa gazeti. Mhariri mmoja aliyepanda milimani kupumzika alikula mchuzi wangu, akaniita mezani, akaniambia kuwa taifa linalojenga Ujamaa linahitaji mtu wa kuandika kwa ukweli jinsi watu wanavyolishwa katika mabwalo, hospitali na vijiji. Mimi niliona nimepewa wito. Mama aliona jambo jingine.

"Kwetu mwenye nyumba humega na kula tonge la kwanza mgeni akimtazama, ndipo mgeni ale bila wasiwasi," alisema, akiendelea kumenya viazi. "Sasa wewe utakula cha watu, halafu ukakisemee Dar es Salaam? Huko ni kusengenya, mwanangu, hata kukipigwa chapa."

Nikaahidi kwa wepesi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa sijamwogopa mtu yeyote kwa sababu ya chakula.

Kijiji ninachokikumbuka kilikuwa kwenye mteremko juu ya barabara ya Mombo. Nilifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, na mwenyekiti akanipokea mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya upole. Alinieleza kwamba wageni wa mkoa walikuwa wanakuja wiki ile kutazama jiko la pamoja, na kwamba makala yangu ingewatangulia vizuri.

"Mwaka jana tuliletewa bwana shamba, kijana kama wewe," alisema. "Akaanza maneno ya kuwakatisha watu tamaa. Land Rover ikaja kumchukua. Sijui siku hizi yuko wapi. Karibu chai, ndugu mwandishi."

Nilikataa chai kwa adabu, nikaeleza kwamba sionji nikiwa na sukari mdomoni. Alitabasamu, kisha akamtazama mgambo aliyeketi mlangoni na gobole mapajani.

Jikoni, katika banda la mabati, akina mama wa zamu walinipokea kwa utani.

"Huyu ndiye anayelipwa kwa kula? Mwoneni alivyokonda."

"Tena eti ni mpishi. Mkeo atafanya kazi gani, baba?"

Nilimwamkia mkuu wa jiko, mama mtu mzima aliyekuwa akisonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Aliitikia marahaba, akanimegea. Mwanzoni ulikuwa ugali tu. Baada ya kumeza ndipo uchungu ulipopanda kutoka nyuma ya ulimi, pamoja na harufu ya gunia lililolala majini. Nikaomba kuona mahindi yenyewe. Alinionyesha kwenye ungo: ndani ya punje kulikuwa na ukungu wa kijani, kama vumbi. Yalivunwa mvua ikinyesha, alinieleza, yakarundikwa ghalani mabichi ili taarifa ya mavuno iwahi wilayani.

Chuoni tulifundishwa kwamba sumu ya ukungu huo haiondolewi na moto, na kwamba hula ini la mtu polepole, bila kumpigia hodi. Nikamwambia mama yule, kwa sauti ya chini, kwamba unga ule ulikuwa mbovu.

"Najua ni mchungu. Ndiyo maana nazidisha mboga," alijibu. "Lakini chakula si changu, mwanangu. Mimi napika nilichopimiwa. Mwenyewe yule pale." Akaelekeza kidevu kwa mwenyekiti, aliyekuwa ameketi mezani mbele ya banda, mgambo wake kando.

Nje watu walikwisha kurudi kutoka shamba la pamoja, wakapanga mstari na mabakuli yao, watoto mbele. Niliwaza kwamba ningeweza kushukuru, kuteremka hadi Mombo, kupanda basi, na kuandika kila kitu nikiwa mbali. Ningekuwa salama, nao wangekuwa wamekula. Nilisimama. Nikaiendea meza ile.

"Mwenyekiti, kwa heshima zako, mahindi haya yameota ukungu. Yanakula ini la mtu polepole. Nitaliandika jambo hili, na nimeona nikuambie wewe kwanza."

Waliokuwa mstarini wakageuka kututazama.

"Ndugu," aliniuliza, karibu kwa huruma, "wewe unaupinga Ujamaa?"

"Nasema kwa sababu ya Ujamaa," nilijibu.

Mgambo alikwisha inuka. Nilihesabu kwamba mambo yamekwisha. Ndipo mkuu wa jiko akaleta sahani, akaiweka mbele ya mwenyekiti pamoja na maji ya kunawa.

"Mgeni ana wasiwasi," alisema. "Mega wewe kwanza, baba."

Mwenyekiti hakuwa akila pale. Kila mtu alijua anapikiwa nyumbani kwake. Lakini hakuna mwenye nyumba wa milima ile anayeweza kulikataa tonge hilo mbele ya mgeni. Alinawa. Akamega.

"Ongeza kidogo, mwenyekiti," mtu alisema kutoka mstarini. "Sisi yetu ni makubwa."

Alitafuna kwa muda mrefu. Nilimwona koo likikataa, kisha akameza, na macho yake yakalengwa na machozi.

"Ni chakula," alisema.

Hakusema ni kizuri, na wote walisikia. Mama mmoja aliyekuwa mbele akalichukua bakuli la mwanawe, akalifunika kwa kanga. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Mwenyekiti hakuwatazama.

"Msindikize mwandishi," alimwambia mgambo.

Tulishuka, mimi mbele, gobole nyuma yangu, na kila alipokohoa nilidhani ndiyo mwisho. Kwenye kona ambako kijiji hakionekani tena aliniambia nisimame. Nikageuka. Alikuwa kijana wa rika langu, na uso wake ulikuwa umejaa hofu kama wangu.

"Hicho ulichosema cha ini," aliniuliza, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sisi tumekula tangu masika. Mke wangu ana mimba."

Nilimwambia waache kuyala leo hii, na wengine awaambie. Akaniacha pale, akapanda mlima mbio.

Makala niliiandika. Haikuchapishwa, wala Land Rover haikuja, ingawa kwa muda mrefu nililala nikisikiliza kila gari. Habari za nyumba ya mgambo yule sikuzipata.

Msomaji, ninakuomba jambo moja. Kabla hujasaga mahindi, yawe yako au ya wote, vunja punje chache na uzinuse. Zikinuka ukungu, usimpe mtu.