Mpango wa Kabureta Mbili

Babangu alipofariki, ndugu zangu walichukua vitu vya maana. Mimi nilichukua gari lake la Kiingereza la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, na wallahi sikuona kwamba nimepunjwa. Gari lile na mimi tulikuwa karibu rika moja, ila lenyewe lilikuwa na adabu zaidi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani bandarini, mwepesi wa hasira na mwingi wa maneno. Nyuma ya karatasi ya mizigo niliandika mpango wa kuliongeza gari nguvu: kabureta mbili badala ya moja, hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikwanguliwe ili injini ibane zaidi, ekzosi pana, magurudumu mapana. Breki sikuziandika kabisa. Siku ya Idd, vijana wote wa Mji wa Kale wakiwa wamejaa barabara ya pwani ya Mama Ngina, nilitaka nipite paa likiwa chini na injini ikinguruma. Nilikuwa nimekwisha kujigamba katika kila baraza kutoka nyumbani hadi Forodhani.

Nilihofia jambo moja tu. Injini kama ile haikuwako nyingine Mombasa nzima. Ikivunjika, gari la babangu litabaki kuwa banda la kuku. Kwa hiyo niliwapelekea makanika wawili waisikilize kabla sijaanza, na wote wawili wakaisifu. Mmoja aliniambia inazunguka kama cherehani mpya.

Mamangu hakuridhika. "Huifungui injini ya babako mpaka aione yule mzee wa Makadara," akasema. Na mamangu akisema, amesema.

Yule mzee wa Makadara alikuwa Mgiriama aliyestaafu karakana ya reli, na nyundo za huko zilikuwa zimemmaliza masikio yote mawili. Alikuwa kiziwi. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu: mimi, mwana wa mjini, napeleka injini ikasikilizwe na kiziwi!

Gereji yake ilikuwa nyuma ya maduka ya vyuma, na pale watu walizungumza naye kwa chaki. Sakafu ya simiti ilijaa maneno ya wateja, mengine yamefutwa nusu kwa nyayo. Nilimwandikia shikamoo, akaitikia kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Nikampa mpango wangu. Akausoma wote taratibu, akaukunja, akautia mfukoni, kisha akaniashiria niwashe.

Akatoa kijiti cha mkoko, kirefu kama mkono, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Ncha moja akaigusisha kwenye injini, ya pili akaiuma kwa meno, akafumba macho. Kicheko changu kikakatika. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesali. Alikisogeza kile kijiti kidogo kidogo kutoka silinda ya kwanza, akafika ya pili, akaenda mbele, akarudi ya pili. Pale akakaa.

"Ya pili yagonga," akasema. "Beringi imekwisha."

Nikapanda mori. Nikaandika sakafuni, herufi kubwa: MAFUNDI WAWILI WAMESIKILIZA, HAWAKUSIKIA KITU. Akasoma, akacheka, akapangusa kijiti kwa pindo la shati na kunipa.

"Uma, mwanangu. Masikio yazibe."

Nikauma. Subhanallah! Injini ilihamia ndani ya fuvu langu. Juu kabisa nilisikia vali zikidondoka kama mvua ya kwanza juu ya mabati, chini yake mnyororo ukipita, na chini zaidi mvumo mmoja mzito ulionishika mpaka kifuani. Mwili ulinisisimka. Tangu utotoni nilikuwa nimepanda gari lile, nimeliosha, nimelisifu, kumbe sikuwahi kulisikia hata siku moja. Kisha nikakisogeza kijiti kwenye silinda ya pili, na huko ndani kulikuwa na mtu anabisha hodi. Polepole, bila kuchoka, kila mzunguko.

Nilipofumbua macho, mzee alikuwa anasugua oili yangu kati ya vidole viwili.

"Hii umetia oili gani?"

Hapo nikakumbuka. Miezi miwili nyuma nilikuwa nasikia mlio mdogo kila nikiwasha asubuhi. Rafiki yangu wa chumba cha injini katika tagi moja, ile meli ndogo ya kukokota meli kubwa, pale bandarini alinipa debe la oili, nzito kama asali. Niliimimina, mlio ukapotea, nami nikatembea kifua mbele nikiisifu dawa ya bandarini. Nikaandika sakafuni kwa herufi ndogo: ya meli.

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Tukainua gari, akanipa spana nifungue mwenyewe. Beringi ya pili ilitoka imelika mpaka shaba yake nyekundu, upande mmoja umepasuka.

"Kwa kabureta mbili ungefika Mama Ngina," akasema. "Kurudi, ungerudi kwa kamba." Akanitia kile kipande mkononi. "Gari imekwambia mapema, mwanangu. Wewe ukaiziba mdomo."

Kisha akatoa mpango wangu mfukoni. Hakufuta kitu. Juu ya mstari wangu wa kwanza aliandika: beringi. Chini ya hapo: breki. "Mbio si dhambi," akasema. "Lakini kwanza iwe nzima, kisha iweze kusimama, ndipo ikimbie."

Nilikuwa nimeketi juu ya simiti, kipande cha beringi kiganjani, nikiona haya mbele ya gari. Nikaushika ubavu wake, nikaliomba radhi. Nililiomba kwa sauti, nikamwomba na babangu pamoja nalo, wala sikujali kwamba gereji nzima inanisikia. Asiyesikia alikuwa mzee peke yake, naye ndiye aliyenigeuzia mgongo kunisitiri, akaanza kupanga spana.