Mwari wa Sur

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alitutoa Unguja akatuleta Ibra, kwa mababu zake Waarabu, na mwaka haukwisha akafariki. Skuli nikaishia darasa la tatu. Kule walikuwa wakiniita Mmanga, huku wakaniita Mzinjibari. Sikukaa kulia. Nikawa somo, kazi ya mama yangu: kufunda wari na kuwasinga kabla ya harusi. Ila singo yangu, manukato ya kumsugua mwari mwilini, naichanganya na marashi ya waridi ya Jabal Akhdar, na nyimbo za Kiunguja nazipigia ngoma ya huku kwetu Sharqiyah. Ibra, Sur mpaka Nizwa wakanijua. Basi mtu asinifundishe kuchanganya.

Binti wa kaka yangu nimemlea mimi. Kazaliwa Ibra, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini sauti anayo. Akaanza kujirekodi akiimba kwenye simu na kurusha mtandaoni, kanga juu ya abaya, akijiita binti wa pwani mbili. Ibra haina pwani. Kanga nilimpa mimi.

Nikawa nakwenda naye kazini anipigie ngoma. Chumba cha mwari kina sharti: linalosemwa humo halitoki. Simu za wote zinatiwa kikapuni mlangoni. Yake sikuitaka. Nani anapekua damu yake?

Mwari mmoja wa Sur alikuwa muoga. Nikamwimbia zile za chumbani, za mambo ya mume, mpaka akacheka, akaniuliza maswali yake ya aibu, nikamjibu.

Harusi ikapita. Siku moja mama yake akanipigia.

"Somo, umemuuza mwanangu?"

"Nimemuuza wapi?"

"Yumo kwenye wimbo wa huyo mtoto wako. Anacheka, anauliza, na jina lake linasikika. Shemeji zake wanausikiliza garini."

Nikamwita yule binti.

"Shikamoo, shangazi."

"Anayecheka humo ni nani?"

"Uso hauonekani, wallah. Nimetia mdundo tu. Mimi ndio hivyo, nusu huku nusu huku. Watu wanataka kitu asili."

"Nusu nusu ni sisi sote. Mtoto wa watu ni nusu yako ipi?"

"Nitaufuta."

"Na masikio ya watu utayafuta?"

"Hata sauti yako imo, wanakusifu. Ulitaka ufe hujulikani?"

"Nilikuwa najulikana. Kwa kufunga mdomo."

Aliufuta, wengine wameshauchukua. Yule mwari alirudi kwao, mumewe akamfuata baadaye, alhamdulillahi. Mimi kina mama wananisalimia vizuri sokoni, wananiuliza hali, kisha binti zao wanawapeleka kwa mwengine. Na binti wa kaka yangu akihojiwa anasema mimi ndiye asili yake. Idi mbili hajaja kunipa mkono.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Ibra, hati kwa jina langu. Nina duka la udi na mafuta mazuri. Wari sina tangu yule wa Sur. Nina mitende Wadi Bani Khalid, mbuzi wachache, na gari naendesha mwenyewe.