Mkungu wa Siku ya Wajinga

Nyie mliokulia Bagamoyo wakati wetu, hebu semeni kweli: sikukuu tulikuwa nazo ngapi? Idi mbili, Maulidi, Nane Nane, na ile siku ya kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, watu wanakula mchana kutwa kama wameambiwa chakula kesho kinahama nchi. Basi. Siku hizi kila nikifungua simu nakuta leo ni siku ya kitu. Siku ya Paka. Siku ya Chai. Siku ya Kukumbatiana! Siku hiyo binti yangu Nasra, yuko kidato cha nne, alinijia asubuhi mikono wazi: "Mama, leo dunia nzima inakumbatiana." Nikamuuliza, umevunja nini? Maana marehemu mama alinifunza: "Anayekuchekea kabla ya chai, mtazame mikono." Nikaingia jikoni, bakuli langu la udongo nikalikuta vipande viwili.

Siku moja tu ya namna hiyo ndiyo tuliyoisherehekea kwa moyo, Siku ya Wajinga, tarehe mosi Aprili. Haikutaka simu wala picha za makopakopa. Ilitaka uso mkavu tu. Unaamka, unaambiwa ng'ombe kaingia sebuleni. Unafika shule, unaambiwa unaitwa ofisini, unakwenda mbio, mwalimu anakutazama kama umechanganyikiwa. Siku hiyo mama hakunijibu hata salamu mpaka anipime kwanza. Namwambia "Shikamoo mama," ananikazia macho: "Marahaba. Haya, sema unachotaka."

Sheria ilikuwa moja, na kila mtoto wa mtaani kwetu Dunda aliijua: uongo unaruhusiwa mpaka saa sita mchana. Kengele ya shule ya saa sita ikilia, mwisho. Atakayedanganya baada ya hapo, mjinga ni yeye, na tunamzomea mpaka kwao.

Bingwa wa siku hiyo alikuwa Mwanaidi, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Msichana mwembamba, mpole kwa kumtazama, lakini wee! Siku ya Wajinga ya darasa la tatu aliniletea kachori ya moto kutoka kwao, nikashukuru, nikaing'ata. Ndani mlikuwa na pamba. Nilitoa nyuzi mdomoni mpaka kipindi cha hesabu kikaisha, na yeye kainamia daftari, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nilimpenda kuliko ndugu zangu. Kumwamini, hapana.

Sasa, mwaka uliofuata, tukiwa darasa la nne, siku moja kabla ya Siku ya Wajinga, mwalimu wa zamu alisimama mstarini akatangaza: "Kesho ni Siku ya Kupanda Miti. Kila mmoja aje na mche na kidumu cha maji." Tukatazamana. Kesho? Kesho tarehe mosi? Tukacheka kimoyomoyo. Mwalimu naye anataka kutufanya wajinga! Darasa zima tukakubaliana, hakuna kuja na mche. Mimi nikajiona mjanja zaidi, nikaokota kijiti kikavu cha mwarobaini, nikakichomeka kwenye kopo la udongo. Nilitaka mwalimu aone kwamba mtoto wa mama yangu haliwi kirahisi.

Lo! Asubuhi tukakuta mashimo yamechimbwa uwanja mzima, mvua ya masika imelowesha udongo, na wageni wamekaa kwenye viti vya ofisini wakisubiri miti. Darasa letu lilikuwa na mche mmoja tu, mkungu wa Mwanaidi, ule mti wa kungu, majani mawili mapana kwenye kopo la maziwa. Mwalimu akatupitia mmoja mmoja na bakora. Alipofika kwangu, akakitazama kijiti changu, akanitazama mimi. Mwanaidi akasema haraka, "Mwalimu, huu mkungu ni wetu wawili." Tukaupanda pamoja, nyuma ya darasa.

Saa nne, tukila mihogo ya pilipili, Mwanaidi akaniambia: "Zena, leo tunahamia Chalinze. Baba kapata kazi ya ufundi wa malori. Tunaondoka saa sita. Kaka anakuja kunichukua sasa hivi. Njoo nyumbani tuagane."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikayatazama, nikasema moyoni, huyu kajipaka pilipili ya mihogo. Nikamjibu kwa madaha: "Wajinga ndio waliwao, mwenzangu. Mimi leo siliwi."

"Njoo, Zena," akasema tena. Kaka yake akaja, wakaondoka.

Nami nikangoja kengele. Nilisema ikishalia ndipo niende kwao nikamzomee. Ikalia, nikatimua mbio. Nikakuta kufuli mlangoni na alama za matairi kwenye tope. Jirani yao, mama mmoja aliyekuwa anafagia, akaniambia, "Mbona umechelewa, mwanangu? Kakungoja mpaka lori limewashwa." Nililia palepale, na nilikuwa sina wa kumlaumu. Mkungu niliumwagilia mpaka namaliza darasa la saba.

Mwaka huu, tarehe mosi Aprili, alfajiri, ujumbe ukaingia kwa namba nisiyoijua: "Zena, mimi Mwanaidi. Leo saa sita nashuka stendi ya Bagamoyo. Njoo." Nikapiga, haipokelewi. Nasra akausoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, leo Siku ya Wajinga! Na namba ngeni hiyo, watakutapeli." Niseme nini, na mimi ndiye niliyemfunza? Nikazunguka nyumba mara tatu. Kisha nikavaa baibui. Kama ni kufanywa mjinga, basi nifanywe safari hii.

Saa nne nilikuwa stendi. Madereva wa bodaboda wananiuliza nakwenda wapi, nasema siendi. Nikawa nawaza: watoto wetu wana siku ya marafiki, siku ya dada, siku ya mama, na kila moja wanaimaliza kwa picha ya ua kwenye simu. Sisi tulikuwa na nusu siku ya uongo, siku zote zilizobaki neno la mwenzio ulilichukua lilivyo. Sasa kila kukicha ni kudanganyana, na kengele ya kukomesha hailii.

Basi la Chalinze likaingia. Akashuka mwanamke mnene kiasi, kashika mkoba kwa mikono miwili. Akanitazama juu mpaka chini, hakunikaribia.

"Wewe ndiye Zena? Namba yako nimepewa tu na mmoja tuliyesoma naye. Lete ushahidi. Leo simwamini mtu."

"Kijiti kikavu cha mwarobaini," nikasema. "Na kachori ya pamba."

Mkoba ukaanguka. Tukakumbatiana katikati ya stendi, na wala haikuwa siku yake.

"Kwa nini hukuja?" akaniuliza begani.

"Nilikuja, Mwanaidi. Nilikuja kengele ilipolia."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mkungu wetu? Ulikufa, eh?"

"Umepita paa la darasa. Watoto wanapasulia kungu kwenye baraza."

Akanikunjia uso, kama marehemu mama alivyokuwa akinipima. "Unanidanganya."

Nikamwonyesha saa kwenye simu. "Saa sita imeshapita, mwenzangu."