Nilimpiga Akiwa Ameinama

Nilimpiga mwanamke aliyekuwa ameniinamia. Naanza na hilo kabisa, usije ukanionea huruma huko mbele halafu ukajuta. Kosa ni langu. Nimejaribu kulibandika kwa watu wengine na limegoma kushika.

Jina langu silitaji. Ila ukipita barabara kuu ya Mbeya, gari lako likapasuka tairi, kuna uwezekano mkubwa tairi jipya ukanunua kwangu. Mimi ni mtu wa Igowole, Mufindi. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nakaa nyuma. Nilianza utingo kwenye malori ya mbao, leo malori ni yangu. Waliosoma wananiita bosi na wananiomba kazi. Sisemi haya kujisifu. Basi, najisifu kidogo, lakini ni kweli.

Karate nilianzia Makongolosi nikiwa kijana, kule kwenye dhahabu, ambako usipojua kupiga unapigwa. Niliporudi Mbeya mjini nikampata mwalimu wa kweli, mzee Ambakisye, fundi wa reli mstaafu. Sote tulimwita Sensei. Alikuwa anatufundisha uani kwake Iyunga, pekupeku kwenye udongo, baridi ile ya Juni mpaka vidole vinakufa ganzi.

Nilipopata, nikamjengea ukumbi. Sakafu ya mbao, mbao za kwetu Mufindi, nilichagua mwenyewe ubao kwa ubao. Dojo yetu, yaani shule yetu ya karate, ikawa na jina. Tukafungua tawi Makongolosi, tukafungua jingine Igowole. Nani aligharamia? Mimi! Usisahau hilo, maana wao wamelisahau.

Pale dojo kulikuwa na desturi moja kubwa, kuinama. Ukiingia mlangoni unainama. Mnaanza kwa kupiga magoti mbele ya picha ya marehemu aliyemfundisha Sensei, mnainama. Halafu mnamwinamia Sensei, halafu mnainamiana nyinyi wenyewe. Na mkipambana, anayerudi nyuma akainama amemaliza. Huyo haguswi, hata kama ulikuwa umebakiza ngumi moja tu. Hasira unaiacha hapo hapo sakafuni.

Sasa Zuhura. Anauza vitenge Mwanjelwa. Ukoo wao ni Waislamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku na kubaki. Aliingia dojo mimi tayari nina mkanda mweusi. Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja ngumi! Tangu mwanzo alielewana na Sensei kwamba kwa imani yake hatapiga magoti mbele ya picha. Wenzake wakipiga magoti, yeye alisimama pembeni, wima. Yule wa kupambana naye, Zuhura alimwinamia kidogo, kwa heshima, basi. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika, na mimi nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko wengi.

Nyonga za Sensei zikaanza kumsumbua. Akatangaza kwamba Jumapili inayofuata atamkabidhi mtu uongozi wa shule nzima, pamoja na matawi yake. Mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nikachapisha bango kubwa lenye sura yangu nimekunja ngumi, likakaa limeviringishwa kwenye buti la gari likisubiri. Mbuzi nilishachinjisha.

Siku ilipofika, Sensei akasimama na fimbo yake, akavua mkanda wake, ule uliochakaa mpaka weusi umekuwa kijivu. Akamkabidhi Zuhura.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ungefanyaje?

Nikamfuata Sensei nje.

"Sensei, ukumbi huu nimejenga mimi."

"Umejenga, mwanangu. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa chake.

"Sasa?"

"Mwezi uliopita umekuja kufundisha siku ngapi?"

Nikamwambia nilikuwa Tunduma nafuata mzigo.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Yeye alikuwepo."

Mbuzi wangu akaliwa na watu waliokuwa wanamshangilia mtu mwingine. Mpaka supu waliisifu! Usiku ule nilikula hasira tu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wiki ile ile nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa ambaye wajukuu zake walikuwa wanajifunza kwetu. Tukanywa chai. Nikakunja sura, nikamwambia baba, mimi naona haya, watoto wetu wanapigishwa magoti mbele ya picha ya mfu, hii si ibada ya sanamu? Sikumwambia kwamba hata mimi nimepiga magoti pale tangu nikiwa sina mvi. Mama wa yule mzee, bibi kizee aliyekuwa anaota jua mlangoni, akadakia.

"Mbona sisi wakwe zetu tunawainamia mpaka chini, na hakuna aliyesema tunawaabudu?"

Nikacheka, nikabadilisha maneno.

Halafu nikageukia upande wa pili. Nina mteja wangu Igawa, Haji mmoja mwenye malori, mjomba wake Zuhura. Huyo nikampakia uongo mtupu. Nikamwambia Zuhura anapiga magoti na kuweka paji la uso chini mbele ya picha ya mtu.

Haji akaacha kunywa soda yake. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, Haji."

Nilisema hivyo mchana kweupe, huku nimeegemea tairi nililotaka anunue.

Maneno yakatembea. Mama mmoja aliingia katikati ya mazoezi, akamvuta mwanawe kwa mkanda mpaka barabarani. Zuhura akaitwa na wajomba zake, akahojiwa kama mwizi. Mumewe akamwambia apumzike kwanza, asionekane dojo. Ukumbi ukabaki na watu wachache. Mimi nilikuwa nalala usingizi mtamu!

Sensei akasema kama shida ni picha, basi iondoke. Akaitungua mwenyewe, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaifunga kwenye shuka akarudi nayo Iyunga. Zuhura naye akawaeleza wajomba zake ukweli, Sensei akaenda kumshuhudia, akaruhusiwa kurudi. Aliporudi, Zuhura akasema kuanzia leo hakuna magoti kwa mtu yeyote, tutasimama na kuinamiana tu. Wazazi wengi wakaridhika.

Pangeishia hapo, leo ningekuwa mtu. Lakini mimi nilikuwa sitafuti amani, nilikuwa natafuta kiti. Nikasema shida siyo picha, shida ni kuinama kwenyewe. Nikabadilisha kufuli la ukumbi, maana hati ina jina langu. Nikatangaza karate ya kisasa. Hakuna kuinama, kuna vioo, kuna spika za muziki, na mimi niitwe Masta Mkuu. Lile bango nikalitundika penye alama ya ile picha, ambapo rangi ya ukuta ilikuwa haijafifia.

Watoto wakarudi wengi. Lakini viongozi wa Makongolosi na Igowole wakawa wananipigia simu, wanauliza wamfuate nani. Swali gani hilo! Nikaona dawa ni moja. Nikawaita wote waje Mbeya Jumamosi, nipambane na Zuhura mbele yao, atakayeshinda ndiye mkubwa.

Zuhura akakataa. Akatuma maneno kwamba uongozi haugombewi kwa ngumi, hapa siyo stendi. Nikamfuata dukani kwake, mbele ya wateja wake.

"Pima vitenge, mama," nikamwambia. "Ngumi waachie wanaume."

Alikuwa anakunja kitenge. Akakikunja mpaka mwisho, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha kwa mkono.

"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sensei aliletwa, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki. Binti yangu Neema, mkanda wa kahawia, alikuwa mbele kabisa. Nilimpa simu yangu nikamwambia arekodi, baba yake anaenda kushinda. Muziki nikauacha upige.

Zuhura ni mwembamba, mimi ni mara mbili yake. Nikamwendea kwa nguvu zote. Akasogea kidogo tu, kama anampisha mtu kwenye uchochoro, akanifagia mguu. Nikakaa kitako kwenye sakafu yangu mwenyewe! Kuna mtu alicheka. Mpaka leo simjui, na nimemtafuta.

Nikainuka, nikamvamia tena. Safari hii ngumi yake ilikuja ikasimama kwenye kidevu changu bila kunigusa. Nikasikia upepo wake tu. Angetaka, ningekuwa sina meno. Akaishusha. Akarudi nyuma hatua chache, akaweka mikono ubavuni, akainama.

Yaani yamekwisha. Nenda na ukubwa wako, mimi nimemaliza.

Nataka nikwambie kilichonipita kichwani, na hiki sijamwambia hata mke wangu. Nilijiambia hivi: hapa kwangu nimefuta kuinama, kwa hiyo pambano halijaisha. Nilipata hata muda wa kutafuta sababu! Macho yake yalikuwa chini. Nikampiga pembeni ya kichwa, kwenye sikio, kwa nguvu zangu zote.

Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mimi nikanyanyua mikono juu kama mshindi. Hakuna aliyepiga kofi. Kilichosikika ni muziki wangu tu, ule wa kuchezesha watu harusini.

Neema alishusha simu. Akaenda akapiga magoti kando ya Zuhura, akamwekea mkono chini ya kichwa, halafu akanitazama.

"Baba, alikuwa ameshamaliza."

Watu wakaanza kuchukua viatu vyao mlangoni. Kimya kimya, kama wanatoka msibani. Kiongozi wa tawi la Igowole, kijana wa kwetu kabisa, niliyemnunulia mimi hata nguo za karate, alisimama mbele yangu akaniambia nikienda nyumbani nisiseme kwamba namfahamu.

Shule yangu ilikufa siku hiyo. Ule ukumbi sasa nimeujaza matairi. Kiti nilichokitaka nimekipata, nakikalia peke yangu.

Zuhura hasikii sikio la kushoto. Mke wangu, ambaye ananunua vitenge kwake kwa kunificha, ameniambia wateja wakimwita kwa upande ule hageuki, wanadhani ana maringo, wanakwenda duka la jirani. Polisi hakwenda. Nilimpelekea magunia ya mchele wa Usangu, yakarudi kwa mkokoteni ule ule. Haji yule wa Igawa alishapata ukweli wote. Siku moja alisimamisha gari dukani kwangu, akashusha kioo. "Ulisema umemwona kwa macho yako," akasema, akapandisha kioo, akaenda kununua matairi kwa mwingine.

Nilikwenda kwa Sensei, Iyunga. Nilipofika mlangoni, mwili wenyewe kwa mazoea ukaanza kuinama. Mzee akanizuia na fimbo.

"Usiiname. Ulisema ni ibada ya sanamu. Simama hivyo hivyo, sema shida yako, uende."

Nikageuza hapo hapo mlangoni. Nikaenda.

Na ili usidhani nimekuwa malaika, mimi Zuhura simpendi. Mpaka leo! Nikisikia watu wanamsifu natafuta pengine pa kwenda. Nimekosa kwake na bado simpendi, na sijui nifanye nini na vitu hivyo viwili.

Siku hizi anafundisha kwenye uwanja wa shule huko Uyole, pekupeku kwenye udongo kama zamani. Wa Makongolosi wanamfuata yeye, wa Igowole wanamfuata yeye. Neema naye anakwenda, simzuii. Kupitia kwa Neema, Zuhura alinitumia ujumbe. Hataki mchele na hataki maneno. Anataka nije Jumamosi, mbele ya wale wale walioona, nimwinamie, nisiinuke mpaka aseme inatosha.

"Akasema pia nikuambie usiogope," Neema akamalizia. "Hatakupiga."

Nimekwenda. Naegesha gari nje ya geti, nawaona wamejipanga na nguo zao nyeupe, nashika kitasa cha mlango. Hapo hapo zinanijia fedheha zangu zote, mbuzi, kicheko, ile ngumi kidevuni. Nawasha gari. Jumamosi nyingine hivyo hivyo. Mke wangu anasema ni kukunja mgongo tu, hakuna gharama. Aende akaukunje yeye!

Sasa wewe unayesoma, hasa wewe uliyejenga kitu kwa mikono yako ukadhani na watu walio ndani umewajenga wewe. Usimchukue Mungu wa watu ukamfanya rungu la kugombea cheo. Na ukiikuta desturi usiyoipenda, uliza kwanza inamlinda nani kabla hujaifuta. Nilidhani kuinama kunamkuza Sensei. Kumbe kulikuwa kunamkinga aliyeinama na mtu kama mimi.

Na kama umeshaharibu, wahi, wakati bado kuna anayekungoja. Jumamosi iliyopita Neema alilipita gari langu pale getini bila kugeuza shingo, kama watu wanavyolipita lori bovu barabarani, wanachoangalia ni wasikwaruzwe tu.