Aliyeniitikia

Kiwandani kwetu, kando ya barabara ya Manyatta, tulikuwa na desturi ya kuitikiana. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kubangua njugu za makadamia, msimamizi aliita majina huku macho yake yakiwa kwenye karatasi. Aliyechelewa alirudishwa nyumbani. Sasa mwanamke ana ng'ombe wa kukamua, ana watoto wa shule, ana mama mkwe mgonjwa, atawahije? Basi mwenzako alikuitikia, "Niko," nawe ukaingia kwa nyuma ukivaa aproni mbiombio.

Mimi niliitikiwa na rafiki yangu, mama aliyeolewa huku Embu kutoka Mikinduri. Aliiga sauti yangu hadi ikawa nzuri kuliko yangu mwenyewe, nasi tukacheka sana. Sikuona kosa, na sitajifanya leo kwamba niliona. Watu wenye shida wakisaidiana hawauiti huo uongo.

Siku ya moto nilikuwa nimefika mapema, na jambo hilo huniuma. Baada ya chai ya saa nne nilitumwa stoo kuleta katoni. Kengele ikalia. Ilikuwa imejaribiwa mara nyingi hadi tukaizoea kama jogoo wa jirani, kwa hivyo nikaendelea na katoni zangu. Niliposikia harufu ya njugu zinazoungua, moshi ulikuwa umeshaingia. Moto ulianzia kwenye mtambo wa kukaushia, na makadamia ina mafuta mengi. Ikishika moto haibembelezwi. Taa zikazimika. Nilipapasa ukuta nikitafuta mlango, nikaukosa. Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye saruji, mahali hewa kidogo ilipobaki, nikaita kwa Kiembu, maana mtu akiogopa kweli Kiswahili humpotea.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye. Wenzangu walipanga foleni kwenye nyasi karibu na ua wa waya, mahali petu pa kukusanyika wakati wa hatari, na msimamizi akaita majina. Langu lilipofika, rafiki yangu akaitika, "Niko." Hakukusudia. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umezoea kazi hiyo. Majina yakaisha. Msimamizi akamwarifu meneja kwamba wote wametoka, na wanaume wa kikosi chetu cha kuzima moto, waliokuwa wameshavaa barakoa ili waingie, wakaambiwa waache mlango wakamwagie paa maji.

Rafiki yangu aligeuka kunitafuta ili tucheke. Hakuniona. Angeweza kusema tu kwamba hanioni, akanyamazia mengine. Alitoka kwenye foleni akasimama mbele ya meneja.

"Ni mimi nimemuitikia," alisema. "Huwa tunaitikiana. Yeye ako ndani."

Meneja hakumwamini. Alimwambia kwamba sauti yangu imesikika na kila mtu. Basi rafiki yangu akamwonyesha. Mbele ya kiwanda kizima, moto ukinguruma nyuma yake, akaita kwa sauti yangu, "Niko." Wanaosimulia wanasema meneja mwenyewe aliwakimbilia wanaume wa barakoa, akawarudisha mlangoni.

Wanaume waliingia wakanikuta karibu kabisa na mlango nilioukosa. Gari la zimamoto kutoka mjini lilifika nikiwa nimelazwa kwenye nyasi, natapika moshi. Mapafu yangu hayakupona vizuri. Kilima cha kwenda kwetu sasa nakipanda nikipumzika. Lakini nakipanda.

Rafiki yangu alifutwa kazi kabla ya wiki kuisha, kwa udanganyifu. Nilikwenda ofisini nikawaambia wanifute na mimi, maana uongo ule ulikuwa wetu sote wawili. Wakanijibu kwamba siku ile mimi nilikuwa kazini, sina kosa. Hasira hiyo sijaimeza hadi leo, na kazi yao bado naifanya, kwa sababu watoto hawali hasira.

Siku hizi anauza ndizi nje ya kiwanda. Tukifanya mazoezi ya moto tunapanga foleni palepale kwenye nyasi, naye yuko ng'ambo ya waya na beseni lake. Msimamizi siku hizi huinua macho, akangoja amwone kila anayeitika. Jina langu likiitwa, mimi humtazama rafiki yangu kwanza. Huona midomo yake ikifumbuka, kisha akaifunika kwa kiganja. Ndipo naitika mwenyewe.