Pimamaji ya Marehemu

Pale studio walimwita Mama Pimamaji, wala si kwa mapenzi. Jina lilitoka kwa shemeji yake, mwenye studio, siku alipomwona ameegesha juu ya kamera kile kifaa cha waashi chenye kiputo ndani ya maji, alichoachiwa na marehemu mumewe.

"Unapiga picha au unajenga choo?"

"Ziwa likikaa upande, shemeji, hata samaki watateleza."

Miaka tisa alipiga picha za pasipoti: kidevu juu, masikio yaonekane, anayefuata. Lakini kila Jumapili alfajiri alipanda kilima nyuma ya mji, akangoja jua lije kwa ubavu na kulipatia kila bonde kivuli chake. Shemeji alipiga saa saba mchana, na milima yake ilitoka bapa kama sinia.

Mwenye hoteli alipotaka picha kubwa ya ziwa, shemeji alitundika mbili ukutani, yake na ya mjane.

"Yako ikikataliwa, kilima basi. Utapiga videvu mpaka uzeeke."

Mteja alisimama mbele ya ile ya mjane. "Mwanga mzuri. Ila ziwa linamwagika."

"Nilimwambia," shemeji akadakia. "Mkono wake umepinda kama maneno yake."

Mjane alitoa pimamaji mkobani, akaiweka juu ya fremu. Kiputo kikakimbilia pembeni. Akaiweka juu ya rafu iliyokuwa chini yake, ile aliyoipigilia shemeji mwenyewe na kuifuatisha alipotundika. Kiputo kikakimbilia kulekule.

"Mfuata rafu yako, shemeji, hakosi kupinda."

Akainua pembe ya fremu kwa kidole mpaka kiputo kikakaa katikati. Maji yakatulia.

"Naichukua," mteja alisema. "Na vyumba kumi vinangoja nyingine. Aliyepiga ndiye aje kuzitundika."

"Tutakuja wote," shemeji alisema.

Mteja aliitazama rafu. "Aje peke yake."

Mteja alipotoka, shemeji aliufunga mlango. "Umenivua nguo mbele ya mteja. Kaka yangu angekuwa hai asingekubali."

"Kaka yako ndiye wa kwanza kukwambia rafu imepinda. Ukamnunia mwezi mzima."

Shemeji aligeukia rafu. "Jumatatu kuna pasipoti."

"Jumatatu niko kilimani."

Mjane alipofika barabarani alisikia nyundo ya shemeji ikigonga ukutani. Hakurudi kumwazima pimamaji.