Minazi ya Watu Katika Shamba la Qais

Bi Zuwena hakuwahi kukalia kiti bila kuuliza ni cha nani. Ukimkaribisha nyumbani ukamsogezea kigoda, atasimama kwanza, mkoba begani, aulize: "Cha nani hiki?" Ukimwambia cha mtoto, atakaa ukingoni ili mtoto akirudi apate nafasi. Ukimwambia cha jirani, atachagua mkeka. Watu wa mtaani kwetu Mabawa walimtania kwamba hata peponi atauliza mto wa maziwa ni wa nani kabla hajanywa. Alicheka nao, na kesho yake akauliza tena.

Kazi ndiyo iliyompa mazoea hayo. Alikuwa bibi shamba, akizunguka vijiji vya pwani kwa pikipiki ya serikali tangu ujana wake mpaka kustaafu. Alijua kwamba huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya wengine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Anaurithisha, anautoa mahari, anauweka wakfu kwa msikiti, na mwenye ardhi hupita chini yake kila siku asiuguse. Zamani hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuja mashamba yalipoanza kuitwa miradi.

Mama yangu na wastaafu wenzake walikuwa na kikundi chao: walimu, wauguzi, makarani wa bandarini. Hawakutaka kiinua mgongo chao kikae tu kikimegwa kidogo kidogo na shida za nyumbani. Waliposikia kuna watu wanaofufua mashamba yaliyochoka na kutafuta wabia, wakamwomba Bi Zuwena awapimie mradi mmoja kabla hawajatoa fedha. Mimi nikapewa kazi ya kuandika ripoti, kwa kuwa nilikuwa na kompyuta.

Mradi ulikuwa Tongoni, shamba la Qais bin Himyar. Na Qais alikuwa nduguye Bi Zuwena wa kunyonya. Mama mzazi wa Zuwena aliugua baada ya kujifungua, na Bimdogo, mke wa Himyar mwenye shamba, akamchukua mtoto akamnyonyesha pamoja na Qais wake. Kwa dini yetu hao ni ndugu, na watu huwatazamia wasaidiane kama ndugu.

Bi Zuwena alikieleza kikundi jambo hilo kabla ya yote. "Mkitaka mpimaji mwingine mtafuteni, sitanuna."

Mzee Idarusi, mwenyekiti, akamjibu, "Tutampata wapi mwingine wa bure?"

Watu wakacheka, ikawa imekwisha.

Qais alitupokea vizuri. Alikuwa ameishi Maskati miaka mingi, akarudi baba yake alipofariki, akakuta shamba limekauka na mchanga umekuwa mweupe. Alianza na kipande kimoja: akakitandaza nyasi na makuti, akapanda kunde na fiwi zifunike ardhi, akarudisha mikoko kwenye kijito ambako maji chumvi yalikuwa yakipanda mpaka kisimani. Bi Zuwena alichimba shimo hapo, akatoa udongo mweusi wenye minyoo. Akavuka njia, akachimba sehemu isiyoguswa, na mchanga ukamponyoka vidoleni. Akaonja maji ya kisima, akanipa nami nionje. Yalikuwa matamu. Nilimwona akitabasamu peke yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Kisha akaweka kiganja kwenye mnazi mmoja mkongwe. "Wa nani huu?"

"Wangu, dada. Shamba lote langu, hati si unayo mkononi?"

"Hati ni ya ardhi. Nauliza mnazi."

Qais akacheka. "Mzee kama huu? Nusu ya minazi humu imeshanyong'onyea. Nawapunguzia watu mzigo."

"Watu gani?"

Qais akainama kung'oa gugu kwenye kunde.

Hesabu ya mradi wake ilikuwa hivi. Minazi mikongwe ingekatwa yote, mbao zake ziuzwe, na fedha hiyo ichimbe makinga maji, mitaro ya kukata mteremko. Bila makinga, masika moja tu ingebeba udongo ule mweusi na kuupeleka baharini. Basi fedha za wastaafu, jasho la Qais, na hata maji matamu ya kisima, vyote vilikuwa vimeegemea minazi isiyokuwa yake. Sidhani alikusudia kudhulumu. Aliishi mbali, akarithi karatasi yenye mipaka, akaamini kila kilichomo ndani ya mipaka ni chake.

Tulikwenda kumwamkia Bimdogo kabla ya kuondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naambiwa umekuja kumfilisi mwanangu."

"Nimekuja asije akafilisika, mama."

"Maziwa yangu umeyanywa, leo waja kunitapikia mlangoni." Akamwona bado amesimama kando ya kiti. "Kaa. Kiti ni changu. Au nacho wakitakia hati?"

Bi Zuwena akakaa. "Mama, baba Himyar aliwaruhusu watu wapande minazi yao humu shambani. Wewe ulikuwepo."

Bimdogo aliuvuta mtandio wake. "Nilikuwepo," alisema. "Siku ya kupanda mimi ndiye niliyewapikia."

Ripoti niliyoiandika ilikuwa fupi. Udongo umepona na unaendelea kupona. Mradi haufai kutiwa fedha kwa sasa. Hayo maneno mawili ya mwisho Bi Zuwena alitaka niyapigie mstari. Qais aliposomewa alikata simu, na kwa muda mrefu hakuipokea ya dada yake. Nilidhani kazi imekwisha.

"Mpimaji hupima akaenda zake," nilimwambia.

"Nimepima nikaona kinachokosekana. Niende zangu wapi?"

Akaanza kuwatafuta wenye minazi. Walikuwa watoto na wajukuu wa waliopanda, wametawanyika: wengine Tongoni penyewe, wengine Mabawa karibu na kwetu bila sisi kujua, wengine ng'ambo ya mto Pangani. Kila nyumba alieleza yaleyale. Mwenye kuruhusu mnazi wake mkongwe ukatwe, atapandiwa mche mpya badala yake, na mbao zitahesabiwa kuwa mchango wake katika makinga maji. Akitaka kukataa, akatae. Miguu ilimvimba, nami nilichoka kuliko yeye. Mara ya pili tulipokwenda Tongoni, Qais alikuwa anatusubiri njiani, hana furaha usoni. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba hatapika chakula cha mtu anayekata minazi ya watu.

Wengi walikubali, wengine kwa sababu tu mtu amekumbuka kwamba wana kitu. Aliyekataa ni Mwanamkasi, bibi wa Pangani. Chini ya mnazi wake palizikwa kitovu cha binti yake, na binti huyo hakuishi.

"Huo hata ukifa, usimame papo hapo," alisema.

Qais alijitahidi kuwa mpole. "Bibi, mnazi umekaa katikati kabisa ya kinga maji."

"Basi maji yazunguke."

"Bibi, kuzungusha ni gharama."

"Na kuzaa je?"

Qais akamgeukia dada yake. Bi Zuwena alikuwa ameshafungua mchoro wa shamba juu ya mkeka, akivuta mstari mpya kwa penseli. "Yatazunguka," alisema. Kinga lile likawa refu zaidi, na ripoti nikaiandika upya, pamoja na gharama ya mnazi wa Mwanamkasi. Wanachama wawili walijitoa, wakisema huko ni kununua ugomvi. Waliobaki walitia fedha zao. Makinga yalichimbwa kabla ya masika, na mvua iliponyesha maji yalitulia shambani, yakaupita mnazi ule kwa pembeni.

Bi Zuwena hakuyaona mavuno. Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, naye hakumwambia mtu. Siku niliyokwenda kumtazama, nilibeba mche wa mnazi kutoka kwa Qais. Alikuwa amenituma nimwambie kwamba ni wa kwanza kutoka kitaluni, wa dada yake, na shimo lake ameshalichimba mwenyewe.

Niliuweka karibu na kitanda. Aliunyooshea mkono, akaligusa jani.

"Wa nani?"

"Wako. Qais kakuletea."

Alifumba macho nikadhani amelala. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikisikiliza pumzi zake, nikiwaza jinsi mtu anavyoweza kupita miaka yote hiyo katika mashamba ya watu na asiwe na hata mnazi mmoja.

"Siwezi kuwa na mti kwenye shamba ninalolipima," alisema, macho bado yamefumba. "Mpelekee Mwanamkasi, ule wake umezeeka. Na umwambie mbele ya watu kwamba ni wake, asije akaulizwa."